Plasta Kwenye Kitanda cha Regina

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi tumepasua ngiri mbili, mguu mmoja, kizazi kimoja. Wote wameamka salama. Hakuna aliyeshukuru na sikutarajia. Watu humshukuru aliyewakata. Aliyewalaza kwa dawa ya usingizi na kuwaamsha, hata jina lake hawaulizi.

Dk. Mbaruku kaingia amechelewa, anapiga mluzi. Huyu ndiye bingwa wetu wa upasuaji. Mikono mizuri, sikatai. Kichwani upepo.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimekutana mwezi mmoja. Hospitali nzima ina njaa. Manesi Waislamu wamefunga, Wakatoliki wa milimani wamefunga, kantini imebaki na maandazi ya juzi. Midomo mikavu kila unapogeuka, na kila mtu anajiona karibu na Mungu kuliko mwenzake. Mimi sifungi. Nakula karanga ofisini, mlango nimeurudishia.

Alasiri wodi ya wanawake, kumwona mgonjwa wa kesho. Anaitwa Regina, mkulima wa kabeji na karoti kutoka Mgeta. Mwembamba, viganja vigumu vya mtu aliyelima miteremko tangu utoto. Ana uvimbe mkubwa kwenye kifuko cha mayai, inabidi utolewe kabla haujajinyonga, yaani kujisokota mpaka damu isipite. Tumboni ana makovu mawili ya zamani. Kumbe alishapasuliwa mara mbili huko nyuma kwa maumivu ya tumbo, na mara zote mbili hawakukuta kitu. Mara ya pili aliamka hawezi kuinua mikono. Ilichukua miezi kurudi. Wakamwambia amerogwa, wengine wakamwambia anajifanya.

Nikamwuliza yeye anadhani ana nini. Akajibu huku anatazama shuka.

"Dar waliniambia nina porfiria, daktari. Huku nikisema wananicheka."

Nilikaa kwenye kitanda cha pili. Porfiria nimeisoma, sijawahi kuilaza mezani. Ni ugonjwa wa kurithi. Mwili unashindwa kutengeneza vizuri ile rangi nyekundu ya damu, na mabaki yake yanarundikana yanakuwa sumu. Ukichokozwa, tumbo linauma kuliko uchungu wa kuzaa, mkojo unakuwa mwekundu ukikaa kwenye mwanga, mikono inalegea, mwisho hata pumzi. Kinachouchokoza ni dawa. Thiopentoni, ile tunayolazia watu hapa kila siku, ndiyo mbaya kupita zote. Bila shaka ndiyo waliyompa mara ya pili. Na njaa. Njaa nayo inauchokoza vibaya.

Nikamwambia Mbaruku. Kacheka mpaka miwani ikateleza. Eti hayo ni magonjwa ya kwenye mtihani, mtu wa Mgeta ana minyoo tu. Minyoo! Na huyu anasaini karatasi za wanafunzi.

Nimeagiza dripu ya sukari usiku kucha ili asikae na njaa. Nikambandikia plasta mwenyewe.

Plasta ni sheria yangu. Tangu nesi mmoja mwenye huruma ampe mzee wa watu chai asubuhi ya upasuaji, mzee akatapika mezani, chai ikaingia mapafuni, nusura nimpoteze. Siku ile nilisema nikasikika mpaka getini. Sasa kila anayesubiri upasuaji hubandikwa kipande cha plasta kwenye chuma cha kitanda, kimeandikwa ASILE. Aliyebandika ndiye anayebandua. Mwingine akigusa atanitambua. Hakuna aliyewahi kugusa.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna upasuaji. Mvua imepiga milimani, bomba zinatoa tope. Mji wetu wa Morogoro umekalia mito, unaishi chini ya mlima unaomwaga maji mchana na usiku, na chumba cha upasuaji hakina maji ya kunawa. Wametuambia labda mchana. Mchana wakasema kesho.

Nimeutumia mchana kutafuta dawa. Propofoli, dawa ya usingizi iliyo salama kwake, haipo stoo. Mfamasia kanitangazia kwamba thiopentoni ipo ya kutosha, kwa sauti ya mtu anayekukaribisha pilau. Nimechukua chupa zote za thiopentoni kwenye kabati la upasuaji nimezifungia kwenye droo yangu. Nawajua. Asubuhi mtu ataivuta kwenye bomba la sindano kwa mazoea tu, huku anasimulia mpira.

Nikazunguka maduka ya dawa mjini na mwavuli uliovunjika. Muuzaji mmoja karibu na ninapoishi, Mwembesongo, kanishauri nitumie ketamini, ndiyo wanayotumia wote. Kavaa koti jeupe kuliko langu. Ketamini wapo wanaoikubali kwa ugonjwa huu, wapo wanaoitilia shaka. Sitabahatisha wakati iko iliyo salama. Ila nimeshauriwa na muuza dawa za chunusi.

Sindano ya ganzi ya mgongoni nayo nimeifikiria. Nimeiacha. Viungo vyake vikilegea tena kesho kutwa, nitajuaje ni ugonjwa au ni sindano yangu?

Jumatano, 12 Machi

Wageni wa mkoa. Chumba cha upasuaji kimepakwa rangi jana jioni ili kipendeze. Kinanuka rangi, hakiingiliki. Mbaruku kavaa tai, kawatembeza, kawaonyesha taa. Kasema tutaingia jioni. Jioni kasema kesho asubuhi kabisa.

Propofoli imepatikana. Rafiki yangu niliyesoma naye, yuko hospitali ya watu binafsi, kanipa boksi. Nilitaka kumbusu.

Sasa nina kila kitu. Propofoli ya kumlaza. Pethidini ya maumivu, salama. Paracetamoli, salama. Diklofenaki, ambayo manesi wanaichoma kama maji, hapana. Sindano ya kichefuchefu tuliyozoea, hapana, nimepata nyingine. Dawa za salfa, hapana. Nimewasimamisha manesi wote nikawaambia moja moja, nikawarudisha waseme wenyewe. Mmoja katetemeka. Atetemeke. Woga unakumbusha kuliko semina.

Jioni nilipita mlangoni mwa wodi. Dripu inaning'inia, inashuka. Regina kalala kaelekea ukutani, kimya. Nawapenda wagonjwa kimya.

Alhamisi, 13 Machi

Leo maji yapo, rangi imekauka, dawa zipo, bingwa yupo. Hakuna mjomba.

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtu. Mume amekaa kwenye benchi nje, mikono mapajani, hana neno. Ukimwuliza anasema tumsubiri mjomba. Mwanamke mzima, mama wa watoto, analima shamba lake mwenyewe, anasubiri kaka wa mama yake aseme ndiyo. Nilimwambia Mbaruku mgonjwa anaweza kusaini idhini mwenyewe, sheria inasema hivyo. Kakataa. Alishawahi kulaumiwa na ukoo mzima, hataki tena. Kisu anacho, uti wa mgongo hana.

Mjomba mwenyewe amekwama njiani. Udongo umeporomoka, barabara ya Mgeta imefungwa, malori ya kabeji yamepanga foleni na yeye yumo katika mojawapo. Kabeji zake anazilinda, mpwa wake anasubiri. Kipaumbele kizuri.

Nesi Zuhura, mkuu wa zamu wodi ya wanawake, kanifuata kwenye korido. Akaanza, "Daktari, yule wa kitanda cha dirishani..." Nilikuwa nimetoka kukuta bomba la sindano halina jina kwenye trei. Nikamkatiza. Nikamwambia nikitaka habari za wagonjwa nitauliza mwenyewe, na aanze kwa kufundisha watu wake kuandika majina kwenye dawa. Akasema samahani, akaondoka.

Kesho bila kukosa. Mbaruku kaapa. Kiapo chake nakijua.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimekaa wodini, kwenye kiti cha mgonjwa.

Mchana waliniita. Regina anapiga kelele. Mwanamke yule ambaye hajasema maneno ishirini tangu aje, anapiga kelele, amejikunja, anauma shuka. Mapigo yanakimbia. Nikadhani uvimbe umejinyonga. Mbaruku naye kadhani hivyo, tayari anaita machela.

Halafu nikaliona kopo. Kopo la mkojo wa asubuhi, lipo dirishani, mwanga unalipiga. Jekundu lililokolea, kama juisi ya choya.

Nikamzuia Mbaruku kwa mkono. Si uvimbe. Ni porfiria imeamka. Tungempasua tungemuua. Alilitazama kopo, akairudisha machela.

Lakini nani kaichokoza? Nilifikiri ni dawa. Nikageuka kwa manesi. Nani kampa nini? Diklofenaki? Salfa? Niliwafokea kila mmoja. Hakuna kitu, daktari. Hatukumpa kitu chochote. Wanaapa, wanalia. Nikawaita waongo.

Hapo Regina akaanza degedege. Daktari wa zamu, kijana mwenye stethoskopu ya rangi ya waridi, kafika na bomba limejaa. Fenobabitoni. Ndugu wa damu wa thiopentoni! Alikuwa ameshashika mrija wa dripu. Nilimpiga kofi la mkononi, bomba likaruka chini. Nikamtuma nesi akimbie wodi ya wazazi alete magnesiamu, ile wanayowachoma wajawazito wenye kifafa cha mimba. Hiyo ni salama. Ikaja. Degedege ikakata.

Ndipo nikaangalia dripu kwa macho, siyo kwa kupita mlangoni. Maji ya chumvi. Siyo sukari. Maji ya chumvi matupu.

Nikauliza tangu lini. Nikauliza amekula nini leo. Jana? Zuhura hakunitazama usoni. Alitazama chuma cha kitanda. Plasta yangu ipo pale pale, mwandiko wangu, herufi kubwa. ASILE.

Tangu Jumatatu.

Dripu za sukari ziliisha stoo Jumanne. Wakaweka za chumvi. Upasuaji ukaahirishwa, wakasubiri nije nibandue. Sikuja. Ukaahirishwa tena. Mimi nilikuwa mjini natafuta propofoli. Ndugu zake wanaleta chakula, wanaonyeshwa plasta, wanarudi nacho. Na wodi nzima imefunga, hakuna aliyeshangaa mtu kutokula. Mama wa kitanda cha pili alidhani Regina anatimiza Kwaresima, akamwonea wivu.

Nikamwuliza Zuhura kwa nini hakusema. Akajibu taratibu, mbele ya wote.

"Tulijua, daktari. Jana nilikuja kukwambia. Tunakuogopa mdomo."

Nilikwenda kwenye duka la nje ya geti mwenyewe, kwenye mvua, nikanunua glukosi ya unga na soda. Dripu za sukari zimetoka kwa yule rafiki yangu. Nimezitundika kwa mikono yangu.

Ipo dawa yake hasa, ya kuzima moto huu. Haipo Morogoro. Nimepiga simu Dar, haipo. Tuna sukari, pethidini na kusubiri.

Mjomba alifika jioni, buti zimejaa tope mpaka magotini. Mzee Kobelo. Mfupi, sauti kubwa. Alitembea kwa miguu kupita pale palipoporomoka, lori akaliacha na kabeji zake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaenda kwa mpwa wake.

Jumamosi, 15 Machi

Yuko hai. Anapumua mwenyewe. Mikono imelegea kuanzia kwenye kiwiko, viganja vinaning'inia.

Kila nikimwambia nishike kidole, anajitahidi mpaka machozi yanamtoka. Kidole changu hakisikii kitu.

Hali hii ikipanda kifuani tutamweka kwenye mashine ya kupumulia. Mashine ni moja, na inakohoa kuliko wagonjwa.

Jumapili, 16 Machi

Haijapanda.

Mbaruku sasa ni mtaalamu wa porfiria. Nimemsikia anawahutubia wanafunzi kando ya kitanda, anawaambia jinsi alivyoitambua kwa rangi ya mkojo. Jumatatu iliyopita ilikuwa minyoo. Wanafunzi wanaandika. Nilitamani kumtapikia viatuni. Kisha nikakumbuka kwamba yeye na minyoo yake hakumnyima mtu chakula.

Mzee Kobelo kanisubiri mlangoni baada ya misa. Hakuzunguka.

"Mwanangu alishikwa na nini, daktari?"

Kwao mpwa ni mwana. Ningeweza kumweleza rangi ya damu, mabaki, sumu, kurithi. Angeitikia. Wote huitikia ukiwasemesha kitaalamu, ndiyo maana tunapenda. Nikamwambia amekaa na njaa siku nyingi, na ugonjwa wake hautaki njaa.

"Yaani mlimnyima chakula."

"Nilimnyima mimi, mzee. Nilibandika alama nikasahau kuitoa. Wenzangu waliniogopa."

Nilisubiri anifokee. Ningependa anifokee. Akatazama buti zake. Akaniuliza hiyo mikono itarudi lini, maana masika imeshaanza na shamba lake lina mteremko, halilimwi na mtu mwingine. Nikasema sijui. Inaweza kuchukua miezi. Inaweza isirudi yote. Akaniuliza wapi mjini wanauza uji mzuri.

Namdharau Mbaruku. Namdharau kijana wa stethoskopu ya waridi. Leo wote wamenipita.

Alhamisi, 20 Machi

Kidole gumba cha kulia kimecheza. Kidogo. Regina kakiona kabla yangu.

Anakula kila baada ya muda mfupi, wodi nzima inamlisha. Mama wa kitanda cha pili anavunja mfungo wake ili ale naye, anasema Mungu ataelewa.

Manesi wakiniona wananyamaza. Zamani nilidhani ni heshima.

Jumatatu, 24 Machi

Alfajiri maumivu mapya, ya upande mmoja. Mkojo ni msafi, nimeutazama kwenye mwanga mara nyingi. Safari hii ni uvimbe kweli, unajinyonga. Hakuna kusubiri. Mzee Kobelo alikuwepo, na kabla sijafungua mdomo akasema karatasi apewe Regina mwenyewe, yeye ndiye mwenye tumbo. Mkono wake haushiki kalamu. Akaweka dole gumba, lile linalocheza.

Nilibandika plasta mwenyewe. Ilinibidi. Dripu ya sukari nikaitundika mwenyewe, nikasoma chupa kwa sauti mbele ya Zuhura, naye akairudia kwa sauti.

Propofoli. Kalala taratibu, bila kukurupuka. Dawa ya kulegeza misuli ninayoitumia siku zote niliiacha, kwa mtu ambaye misuli yake tayari imelegea inaweza kusimamisha moyo. Nikachukua nyingine, ya polepole. Pethidini. Sukari muda wote. Mbaruku alifanya kazi haraka na safi, hakupiga mluzi. Uvimbe umetoka mzima, umeanza kuwa mweusi. Regina kafungua macho mezani, kaitika jina lake.

Wamenipongeza. Mganga Mkuu kaja mwenyewe, eti nimechagua dawa kwa ustadi, eti niandae mada niwafundishe wengine. Makofi. Nilitazama yale mabomba ya sindano, kila moja na jina lake, yamepangwa vizuri. Dawa zote zilikuwa sahihi tangu Jumatano ile. Zilikuwa kwenye boksi, sahihi kabisa, na mwenye kuzihitaji anakufa njaa upande wa pili wa ukuta.

Nilipotoka kubadilisha nguo nilienda wodini kubandua plasta. Nilikuta imeshabanduliwa. Chuma kimefutwa hata gundi. Zuhura alikuwa anatandika kitanda cha mbali, kanipa mgongo. Sikuuliza ni nani.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imepumzika. Milima imeonekana yote asubuhi, mpaka juu.

Nimepeleka uji mwenyewe. Nilipika nyumbani, wa mtama na maziwa, umetoka na mabonge kidogo. Regina alikuwa ameegemea mito miwili, mikono juu ya shuka, viganja chini. Zuhura kamfunga kitambaa kifuani. Zuhura mwenyewe bado amefunga Ramadhani, midomo mikavu, lakini kashika bakuli.

Regina akautazama uji. Kisha akageuza kichwa akatazama chuma cha kitanda, pale plasta ilipokuwa.

"Naruhusiwa, daktari?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia tena asiniulize mimi wala mtu yeyote, akisikia njaa ale. Akaitikia. Lakini hakufungua mdomo mpaka nilipousogeza mkono wenye kijiko.

Nikamlisha kijiko kwa kijiko. Mabonge aliyasukuma pembeni kwa ulimi. Ulipoisha nikaenda kuosha bakuli.